Mjomba Aliyeng'oa Mawe ya Mashine Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto wanne, hapa Oyugis. Haya ninayoyasema bado yananiuma... yananiuma sana!

Mume wangu alipofariki, muda mfupi baada ya Uhuru, niliuza ng'ombe wote nikanunua mashine ya kusaga mahindi. Shemeji zangu walinicheka. Mwanamke na injini wapi na wapi? Lakini mashine hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chetu na karo ya watoto. Ikifa, tumekwisha.

Nilihitaji mtu wa kuiendesha. Wakaja wawili. Wa kwanza, Chacha, Mkuria wa upande wa mpakani, alisalimu tu, kisha akaomba aiwashe injini mbele yangu. Nilimwona hana adabu! Mgeni hata chai hajanywa, anataka kushika vyuma vya watu?

Wa pili, Odongo, aliletwa na Mama Akinyi, rafiki yangu wa kanisani, niliyelia naye kwenye matanga ya mume wangu. Nilimuuliza kwao ni wapi. Karungu, akasema. Moyo ukaniruka, maana mama yangu ni wa Karungu! Nikamuuliza, wewe ni wa lile boma la kina mama, juu ya ufuo? Ndiyo. Nyumba ya mke wa pili wa babu? Ndiyo. Yawa! Mimi ndiye niliyeuliza na mimi ndiye niliyejibu, yeye kazi yake ilikuwa kuitikia.

Basi akawa nera wangu. Kwetu Wajaluo kaka wa mama ndiye nera, na nera hapimwi wala hakaripiwi. Nilimchinjia jogoo. Chacha nikamwambia kazi imepata mtu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. "Okewa," aliniita, yaani mtoto wa dada yake, "wewe pumzika, haya mavumbi niachie mimi." Nikapumzika... mjinga mimi!

Baadaye wanawake wakaanza kurudisha unga. Ulikuwa na mchanga, ugali unakwaruza meno. Nilipomuuliza nera, alinuna siku nzima. Ningefanyaje? Nani anamgombeza mjomba wake? Nikamwomba radhi mimi! Wateja wakapungua, wakaisha, na mwanangu Ouma akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Ndipo mama yangu akaja kunitembelea. Nikamwambia kwa furaha, njoo umsalimu ndugu yako. Mama akamtazama, akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Odongo akacheka, akasema anakwenda kununua dizeli. Hakurudi!

Niliita fundi afungue mashine. Mawe yangu mapya ya kusagia hayakuwamo! Yamewekwa mengine, makuukuu, yanayomomonyoka ndani ya unga. Yangu yalikuwa wapi? Kwa Mama Akinyi... Mume wake alikuwa amefungua mashine ng'ambo ya soko, na mwendeshaji wake ni Odongo!

Nilimfuata Mama Akinyi. Hata hakukana. "Mama Ouma," aliniambia, "mimi nilimwambia aseme Karungu tu. Mengine yote umeyasema wewe." Jamani! Alinijua kiasi hicho, na bado akaniua? Chifu naye aliniambia mawe ni mawe, nilete shahidi. Sikuwa naye.

Mashine yangu niliiuza kama vyuma chakavu. Watoto walipolala na njaa, nilikwenda huko huko kwa Mama Akinyi kuomba kibarua cha kufagia. Anayeandika watu kazi ni Odongo. Hakuniuliza kwetu ni wapi. Alinipa ufagio akasema, "Fagia kwanza, nione."

Nikafagia, machozi yananitoka, naye amesimama pale ananitazama mpaka nikamaliza.

Wenzangu, nawasihi, msipite nilikopita! Mtu akija kuomba kazi, mpe kazi aifanye mbele ya macho yako, hata kama rafiki yako wa roho ndiye amemleta. Undugu mtaulizana baadaye.