Siagi kwa Anayeomba

Siku hizo Jumamosi ya kwetu ilianza na vita vya sufuria. Mama akishatoka kwenda dukani alikokuwa akiwachanganyia wateja rangi za kuta, mimi na dada tulibaki na vyombo vya tangu jana. Yeye aliosha, mimi nilifuta, na kila mmoja alimwona mwenzake mvivu. Tulifanya haraka, maana Madamu hakupenda kusubiri wanafunzi, nasi hatukupenda kuikosa meza yake.

Madamu alikuwa mwalimu wetu wa Kifaransa. Darasani tulikuwa wengi, tunakariri kwa pamoja mpaka madirisha yanatetemeka, na aliyenyamaza hakujulikana. Kwa sababu hiyo akabuni warsha za Jumamosi. Alitugawa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikapewa upande mmoja wa maisha ya Wafaransa. Wengine walipewa nyimbo, wengine mambo ya sokoni, sisi tukapewa chakula na adabu za mezani. Kikundi chetu kilikuwa na mimi, dada yangu, msichana mmoja mpenda kuamrisha tuliyemwita Bosi, na mvulana mrefu mwembamba aliyeitwa Kijiti.

Tulikutana katika chumba cha ushonaji. Vyerehani vilisukumwa ukutani, na meza ya kukatia nguo ikatandikwa kitambaa cheupe. Hata ukifagia vipi, hukukosa kukanyaga kifungo au kipande cha uzi. Nasikia siku hizi chumba kile ni stoo ya madawati mabovu. Kila nikipita karibu na shule ile natamani kuomba ufunguo, nikae humo kidogo tu.

Madamu alitufundisha kwamba kwa Wafaransa mazungumzo ni sehemu ya chakula, ndiyo maana hawana haraka ya kuinuka mezani. Mkate waliumega kwa mkono. Asubuhi wengi wao walikunywa chokoleti ya moto kwenye bakuli, wakachovya mkate humo humo. Hilo la kuchovya tulilipenda mno, kwa kuwa nyumbani ukichovya mkate ukadondokea kikombeni unaulizwa umelelewa wapi.

Sheria ya meza ilikuwa moja. Unachokitaka unakiomba kwa Kifaransa, na unapewa ulichokitaja. Ukinyoosha kidole tu, hupati kitu.

"Mimi sitafuti Kifaransa kizuri," Madamu alituambia. "Natafuta Kifaransa kinachosikika."

Siku ya kwanza Kijiti alitaka maziwa, akaomba kisu. Madamu akampa kisu kwa heshima zote. Kijiti akakitazama kile kisu, akatutazama sisi, tukavunjika mbavu. Naye akacheka nasi, akajaribu tena, akanywa maziwa yake. Tangu siku hiyo neno la maziwa halikumtoka kichwani.

Dada yangu hakuomba kitu. Nyumbani tulimwita Profesa, wala halikuwa jina la mzaha. Mitihani ya kuandika aliifagia yote, kile Kifaransa kwake kilikuwa kama maji ya kunywa, alimradi kiwe kwenye karatasi. Lakini kukosea mbele za watu hakukuweza. Angekubali kufa na tai shingoni kuliko kuchekwa na Kijiti. Basi siagi ilipita, jibini ikapita, bakuli la chokoleti likapita likifuka mvuke, naye akatafuna mkate mkavu akitazama dirishani.

"Huli siagi?" Madamu alimuuliza.

"Nimeshiba, Madamu."

Jumamosi iliyofuata akasema hapendi siagi. Iliyofuata tena, Madamu alipoacha Kifaransa na kumuuliza kwa upole kama kuna tatizo, dada akaona amebanwa.

"Tumbo langu halipatani na maziwa," akasema. "Nikila chochote chenye maziwa naumwa."

Madamu alikuwa mtu wa kuamini watoto. Akamwonea huruma, na kuanzia hapo akawa anamwandalia sahani ya peke yake, yenye mkate na bilauri ya maji. Nasi tukirudi nyumbani, dada alikuwa anaingia moja kwa moja jikoni, anapaka siagi nene kama plasta ya ukuta, na kuishushia kwa kikombe cha maziwa.

"Tumbo limepona?" nilimuuliza siku moja.

"Shughulika na lako," akanijibu.

Mwisho wa muhula ulipokaribia, Madamu akatutangazia karamu. Tungeandaa chakula kirefu cha mchana, kama cha Jumapili kwa Wafaransa, na kila mmoja wetu angemkaribisha mzazi wake na kumhudumia. Dada alifurahi nisivyowahi kumwona. Mama yetu hakuwa mtu wa kukaa mezani. Dukani alikula amesimama kati ya mteja na mteja, na nyumbani alikula amesimama jikoni, sahani mkononi.

"Mama atakaa," dada aliniambia njiani. "Atakaa kitini kama mgeni, na mimi ndiye nitakayempakulia."

Kumbe Madamu naye alikuwa na lake moyoni. Jumamosi iliyofuata alimshika dada bega. "Nimefikiri sana, mwanangu. Karamu nzima ni siagi, maziwa na jibini. Sitaki uumwe mbele ya wageni. Nimekuhamishia kikundi cha nyimbo. Jumamosi ijayo mwenzako mmoja wa huko atachukua kiti chako."

Uso wa dada ukamshuka. Akasema ahsante tu. Njia nzima ya kurudi nilijua analia kwa jinsi alivyotembea mbele yangu bila kugeuka.

Jumatatu nilimpelekea mama chakula dukani, nikamkuta Madamu mbele ya kaunta, ananunua rangi ya viti vya karamu.

"Na pole sana kwa tumbo la binti yako mkubwa," Madamu akasema. "Kumbe maziwa hayamfai kabisa."

Mama alikuwa anakoroga kopo la rangi ya bluu. Mkono ukasimama.

"Tumbo la nani?" akauliza. Kisha akanitazama, akaniona ninavyotafuta pa kuficha macho, akaendelea kukoroga. "Ahsante, mwalimu. Nimesikia. Tutamwangalia."

Jioni hiyo sote tulipata chai ya maziwa na mkate wa siagi. Mbele ya dada mama aliweka chai ya rangi na mkate mkavu.

"Yangu mbona hivi?" dada akauliza.

"Madamu kaniambia hali yako," mama akasema, uso mkavu kuliko ule mkate. "Pole, mwanangu. Ulikuwa unaumwa peke yako, mimi mama yako sina habari."

Dada akanitupia jicho. Mimi nikajifanya hamnazo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa vilevile. Mama hakugomba wala hakuhoji. Alimuuliza tu kila asubuhi, kwa upole wa kutisha, tumbo limeamkaje. Mpaka siku moja dada akasukuma sahani, akalia.

"Mama, siumwi. Nilidanganya."

"Najua," mama akasema, akavuta kigoda akakaa karibu naye. "Kwa nini?"

"Nikisema Kifaransa watanicheka. Kijiti anachekwa kila wiki."

"Na Kijiti anakula nini?"

Dada akafuta machozi. "Kila kitu," akasema.

"Mimi natamani kuja kwenye karamu yako," mama akasema. "Lakini siendi kukusemea. Uongo uliusema kwa kinywa chako, kautengue kwa kinywa chako."

Jumamosi ilipofika dada alikwenda nami, ingawa hakuwa tena wa kikundi chetu. Kiti chake kilikuwa na mvulana wa kikundi cha nyimbo, ameshajisogezea bakuli. Dada akasimama mlangoni. Nilimwona anavyosokota ncha ya shati lake, nikaogopa atageuka akimbie.

Akaanza kwa Kifaransa. Sentensi aliyokuwa ameiandaa nyumbani ilimponyoka hapo hapo, akabaki na maneno yaliyokatika vipande. Alisema haumwi. Alisema tumbo zuri, tumbo zuri sana, na mkono akauweka tumboni. Alisema anaogopa, akasahau neno la kuchekwa, akajaribu lingine lililomaanisha kitu kingine kabisa. Kijiti akaguna, Bosi akafunika mdomo, kisha chumba kizima kikacheka, na mimi nikiwemo.

Kicheko ndicho hasa alichokikimbia dada muhula mzima, sasa kilikuwa mbele yake. Lakini hakuondoka.

"Le beurre, s'il vous plaît," akasema, sauti imepanda kidogo. Siagi, tafadhali.

Kijiti alikuwa bado anacheka alipoinuka na kumpelekea siagi, na kisu cha kupakia. Yule mgeni wa kikundi cha nyimbo akasogea, wakakalia kiti kimoja, nusu kwa nusu. Madamu akafuta macho kwa ncha ya leso, akamwambia dada kwa Kiswahili kwamba uongo ule ulimnyima usingizi mwalimu wake, na asiurudie. Kisha akamrudisha katika kikundi chetu siku ile ile.

Siku ya karamu mama alikuja na gauni lake la kijani, kucha zikiwa bado na madoa ya rangi yaliyogoma kutoka. Dada akamvutia kiti. Mama akakaa, kwanza ukingoni kama mtu aliye tayari kuitwa, halafu taratibu akaegemea. Sijui kama niliwahi kumwona akiegemea kiti kabla ya siku hiyo.

Ilipofika zamu ya jibini, dada akasimama kando yake na sinia, lakini hakumpakulia.

"Lazima uombe, Mama. Ndiyo sheria."

"Kwa lugha gani?"

"Kifaransa."

Dada akamtamkia polepole. Mama akakaza macho, akavuta pumzi, akatoa kitu ambacho hakikuwa Kifaransa wala lugha nyingine yoyote ninayoijua. Wazazi wakacheka, Madamu akacheka, Kijiti akalaza kichwa mezani. Mama alicheka kuliko wote. Dada akamwekea kipande kikubwa, na mama akakila chote, ingawa harufu yake ilimkunja pua.

"Umeona, mwanangu?" akamwambia dada, akipangusa vidole. "Kuchekwa nimechekwa, na jibini nimekula. Wewe ulikikwepa kicheko ukashindia mkate mkavu, tena ukaongeza uongo juu yake. Anayejifunza lazima akosee watu wakisikia."

Dada akainamisha kichwa. Kisha akainua sinia, akamuuliza kwa Kifaransa kama angependa kipande kingine.

Mama akajibu, akakosea tena, akapewa.