Sanduku la Funguo za Harusi

Maiti ililala kifudifudi, miguu barabarani, kichwa kwenye matete ya ziwa. Pikipiki ilikuwa mbele kidogo, usukani umepinda, ufunguo ungali mahali pake.

Inspekta Kebirungi alichutama. Alikuwa ametoka Mbarara kabla ya misa ya kwanza ya Jumapili, na vumbi la Isingiro lilikuwa limempaka nyusi. Katika kazi yake ya upelelezi alikuwa ameokota vijana wengi barabarani, hata akaacha kuuliza kwa nini. Pombe, mwendo, kona. Basi.

"Nani huyu?"

"Audace, afande," alijibu Koplo Ezira wa kituo cha polisi cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale. "Mrundi. Bodaboda ya Base Camp, huku katikati ya kambi. Jana alikuwa harusi kwa Cassien, ule katekista."

"Alikuwa amelewa?"

"Sana. Hata sasa inanuka."

Kebirungi alivaa glavu, akauchomoa ufunguo. Uling'aa, hauna hata mkwaruzo. Akautia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Basi ni ajali. Mnaniita ya nini kutoka Mbarara?"

"Hapana, afande. Hii si ajali tu. Dada yake ndiye alimpa ufunguo. Mtoto wa klabu."

Hapo ndipo Kebirungi aliposikia habari za klabu. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wameunda chama cha kupinga ulevi na dawa za kulevya, na kuhimiza watu waendeshe kwa usalama. Vyama vya namna hiyo alivijua: fulana, wimbo, mgeni rasmi, soda, kwaherini. Lakini hiki kilikuwa na sanduku.

Kila palipokuwa na harusi, mwanafunzi mmoja alisimama mlangoni na sanduku la mbao lenye tundu juu. Mwenye pikipiki akitaka kunywa, anatumbukiza ufunguo wake kwanza. Sanduku lina kufuli, na ufunguo wa kufuli hukaa na baba wa bibi harusi mpaka asubuhi, mtoto asije akasumbuliwa na walevi.

"Na watu wazima wanakubali upuuzi huu?"

Ezira alikohoa. "Wanakubali, afande. Hata mimi ilitia yangu mwezi uliopita."

Kebirungi alimtazama, akataka kucheka, akakumbuka maiti.

Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Belyse, msichana wa miaka kumi na sita, dada wa Audace wa tumbo moja. Watu walimwona kaka yake akimbembeleza karibu na jiko, ufunguo ungali mkononi mwa Belyse, haujaingia sandukuni. Jioni simu ikaingia kituoni.

"Mtu nasema, wale watoto ya klabu wamempa mlevi ufunguo, anakuja njia ya Kabingo, mumkamate," Ezira alieleza. "Sisi naweka kizuizi. Tunangoja, tunangoja. Hakufika."

"Aliyepiga ni nani?"

"Hakusema jina. Namba iko."

"Na sanduku mmelifungua?"

"Liko kituoni, nimebandika karatasi ya polisi. Cassien amepeleka binti kwa wakwe huko Bwizibwera, na ufunguo wa kufuli uko mfukoni mwake. Lakini kufungua ya nini, afande? Kila mtu anajua. Lisemwalo lipo."

"Koplo, ingekuwa kila lisemwalo lipo, mimi na wewe tungekosa kazi."

Alisema hivyo kwa mdomo tu. Moyoni aliamini kama wengine. Dada na kaka! Damu nzito kuliko maji.

Jumatatu asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti, huko Mbarara, alivua glavu zake na kusema maneno machache. Shingo imevunjika. Pombe nyingi. Hakuna jeraha la kupigwa.

Nje ya chumba cha maiti kulikuwa na benchi refu. Mwisho mmoja aliketi Godeberthe, mama wa marehemu, kitenge kichwani. Mwisho wa pili aliketi Belyse. Katikati wangeweza kukaa watu watatu, na hakukaa mtu.

"Mama, pole sana," Kebirungi alisema.

"Asante, afande." Godeberthe hakugeuza shingo upande wa binti yake. "Mimi nilizaa wawili. Sasa sina hata mmoja."

Belyse alisikia. Alikaza macho sakafuni.

Kebirungi akamwita kando. Jalada lilikuwa limeshafunguliwa. Ufunguo ukithibitika kutoka mkononi mwa msichana huyu, angesimamishwa mahakamani kwa kifo cha kaka yake. Mkuu wa shule naye alikuwa amepiga simu alfajiri: klabu imefungwa, yeye hataki kesi.

"Kaka yako alikuomba ufunguo?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mingi."

"Alisema nini?"

"Alisema mimi niko dada mubaya. Alisema Mama atanilaani. Kisha alipiga magoti, mbele ya watu."

"Ukafanya nini?"

"Nililia."

"Halafu ukampa."

"Hapana, afande. Nililia, lakini sikumpa."

"Basi ufunguo uko wapi?"

"Kwenye sanduku, niliutumbukiza mwenyewe. Nimewaambia tangu jana, hakuna mwenye alifungua." Alifuta pua kwa mkono wa sweta ya shule. "Munaniuliza tu kwa nini nilimpa."

Kebirungi alifunga daftari. Ameuliza maswali maisha yake yote, na mtoto huyu amemwonyesha swali moja alilolisahau. Akawapakia wote wawili garini, mama mbele, binti nyuma, wakashika njia ya Nakivale.

Kwenye ua wa kituo palikuwa na kundi la waendesha bodaboda walioketi chini kwa unyonge. Funguo zao zilikuwa ndani ya sanduku la ushahidi, na tangu Jumapili Base Camp nzima ilikuwa ikitembea kwa miguu. Cassien alikuwa amerudi, suti ya harusi ingali mwilini.

Kando ya mlango alisimama msichana mrefu mwenye kisahani mkononi. Alijitambulisha: Inès, kiongozi wa klabu, Mkongomani wa Kivu Kusini. Kisahani kilikuwa na sindano na kibunda cha uzi mweusi.

"Hivyo vya nini?" Kebirungi aliuliza.

"Vya kurudisha funguo, afande. Asubui bakubwa banakuya, tunabapatia sindano na uzi. Mwenye kupitisha uzi, tunamurudishia ufunguo yake. Mwenye kushindwa, anarudi kulala."

"Na hawagombani na nyinyi?"

"Siku ya kwanza baligombana. Kisha muzee moja alishinda saa nzima na uzi, akatupa sindano, akaenda kulala. Toka hapo banaheshimu."

Kebirungi aliwatazama wale wanaume uani, wengine wana mvi, wengine wana makovu ya vita viwili vitatu. Hawa ndio huinama mbele ya watoto wa shule wakitafuta tundu la sindano? Serikali na faini zake haijawahi kufika hapo.

"Fungua," alimwambia Cassien.

Karatasi ya polisi ikachanwa. Kufuli ikalia. Kebirungi akainua sanduku, akalimimina mezani.

Funguo zilimwagika kwa kishindo, zikaenea meza nzima, nyingine zikaanguka sakafuni. Za pikipiki, za magari, mmoja wa trekta. Nyingine zimefungwa kamba, nyingine shanga, nyingine picha ya Bikira Maria. Kila mmoja ulikuwa mtu aliyelala kwake Jumamosi ile badala ya kulala kwenye matete. Kebirungi aliokota zilizoanguka. Kule Mbarara alizoea kupokea funguo za namna hii zikiwa na damu.

"Usiguse," alimwambia Belyse. "Nionyeshe kwa kidole tu. Wa Audace upi?"

Belyse alinyoosha kidole. Ufunguo mkuukuu, meno yamelika, umefungwa kitambaa chekundu.

Ezira alifungua mdomo. "Afande, hiyo inaweza kuwa ya mtu mwingine yeyote."

"Ndiyo maana tuna pikipiki."

Walitoka uani, mpaka kwenye pikipiki ya marehemu iliyoegeshwa ukutani. Waendesha bodaboda wakasimama. Kebirungi alitumbukiza ufunguo mkuukuu, akauzungusha. Kwenye dashibodi iliyopasuka taa ndogo ya kijani ikawaka.

Akauchomoa. Akatoa ule mpya kwenye mfuko wa vielelezo, ule aliouchomoa kule ziwani, akauzungusha. Taa ikawaka tena.

Mzee mmoja alivua kofia. Hata Ezira, mwenye maneno mengi, alijishika shavu. Audace alimpigia Belyse magoti mbele ya harusi nzima, na mtoto yule alilia na asitoe. Kebirungi amekutana na majaji waliotetereka kwa jambo dogo kuliko hilo, na sasa alimwangalia Belyse kwa kicho, kama mtu anayeangalia mlima ambao kila siku alidhani ni kichuguu.

"Kwa hiyo funguo zilikuwa mbili," alisema hatimaye. "Wa pili alikuwa nao nani?"

"Tajiri yake, afande," Cassien alijibu. "Pikipiki si ya Audace. Ni ya Constantin. Nusu ya hawa vijana wanamfanyia kazi."

Duka la Constantin lilikuwa hatua kidogo tu kutoka kituoni: bia mbele, pombe kali ya waragi nyuma, mwenyewe katikati. Alimpokea inspekta kwa tabasamu na kiti. Kebirungi hakukaa.

"Ufunguo wa pili wa pikipiki ya Audace uko wapi?"

"Ile? Ilipoteaka zamani, afande. Mwaka jana."

"Una hakika?"

"Hakika ya Mungu."

Kebirungi alitazama ukuta wa nyuma. Kwenye misumari iliyopangwa mstari zilining'inia funguo za akiba. Chokaa ilikuwa nyeupe zamani. Sasa vumbi na moshi wa mkaa vimeifanya rangi ya udongo. Msumari mmoja ulikuwa mtupu. Chini yake, kwenye ule uchafu, palikuwa na umbo la ufunguo, jeupe kabisa.

"Constantin, mwaka mzima vumbi la Nakivale limepita juu ya alama hii bila kuigusa?"

Tabasamu likafa. "Labda... labda mutoto wa duka aliipanguza."

"Akapanguza hapo tu, kwa umbo la ufunguo." Kebirungi alimgeukia Ezira. "Koplo, ile namba iliyokupigia Jumamosi. Ipigie sasa."

Ezira alibonyeza. Chini ya kaunta, ndani ya debe la vizibo vya chupa, simu ndogo ikaanza kulia kwa wimbo wa injili. Constantin aliitazama kana kwamba ni nyoka. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imefika ukutani.

Kebirungi angeweza kumhoji palepale. Lakini alimtia pingu, akampeleka kituoni, akaagiza Godeberthe na binti yake waitwe waketi chumbani. Haikuwa kawaida, na hakujali.

"Kwa nini, Constantin?"

Mwanaume aliinamisha kichwa. "Ile sanduku, afande. Toka bayilete, batu habanywi tena. Mutu akifikiri kuacha ufunguo, anachagua soda. Harusi ya zamani nilikuwa nauza kreti na kreti. Sasa narudisha nyumbani."

"Endelea."

"Nilisema, moja yao akikamatwa mulevi na batu baseme ni batoto ya klabu balimupatia ufunguo, sanduku itakufa. Basi. Nilitaka polisi bamukamate njiani tu. Hakika sikutaka afe."

"Ukamchagua Audace."

"Sababu dada yake ndiye alikuwa na zamu. Kila mutu angeamini."

Godeberthe alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Ulipompa ufunguo, aliuchukua mara moja?" Kebirungi aliuliza.

Constantin alitazama pingu zake.

"Nimekuuliza."

"Hapana. Alinikatalia. Alikuwa amelala nyuma ya nyumba ya harusi, analia. Akaniambia, ufunguo yangu iko kwa Belyse, na amefanya vizuri, mimi nilimutukana bure. Niache nilale. Nikamwambia kuko muzigo Kabingo, na kama hauendi sasa, kesho napatia pikipiki mutu mwingine. Alinibembeleza. Nikamushika mukono, nikamusimamisha mimi mwenyewe."

Godeberthe alitoa sauti, si kilio, ni kama pumzi iliyokuwa imebanwa tangu Jumapili. Belyse hakuthubutu kumtazama.

Kesho yake mwili wa Audace ulirudi kutoka Mbarara. Waendesha bodaboda wa Uganda humzika mwenzao kwa honi na makelele, wengine wakisimama juu ya viti vya pikipiki. Kebirungi alijiandaa kwa fujo hiyo. Aliwakuta wamepanga pikipiki zao mistari miwili kwenye njia ya makaburi, wamezishika kwa mikono, injini zimezimwa. Kulikuwa na wanaume wasiohesabika, na kilichosikika kilikuwa matairi tu yakisaga changarawe.

Mpwa wa Godeberthe alikuwa ameshika msalaba wa mbao wenye jina la marehemu, tayari kutangulia mbele ya jeneza, kama desturi yao ilivyo. Mama alimwendea. Aliutwaa msalaba polepole, akatembea nao mpaka nyuma kabisa ya umati, alikosimama binti yake peke yake.

"Ni wewe unamtangulia kaka yako," alimwambia. "Beba. Mimi niko nyuma yako."

Belyse aliupokea kwa mikono miwili. Umati ukampisha. Inspekta Kebirungi alivua kofia, akaacha gari lake la polisi pale lilipokuwa, akafuata kwa miguu.