Betri za Redio ya Cucu

Kila jioni, baada ya kukamua ng'ombe na kuinjika chakula, Cucu aliwasha redio yake ndogo na kuamuru watu wote wanyamaze. Watu wote hao walikuwa Ruguru peke yake, mjukuu wake wa Gredi ya Nane. Baba yake Ruguru, Mutugi, mwana wa Cucu, na mama yake walifanya kazi mjini Embu na walikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Nyumba yao, nje kidogo ya Runyenjes, ilikuwa na stima, lakini Cucu hakutaka redio ya kufungwa ukutani kama mbuzi. Yake ilitumia betri mbili kubwa, naye alitembea nayo kutoka jikoni hadi zizini.

Kipindi alichokingoja zaidi kilikuwa cha matangazo ya vifo. Rafiki yake, Mama Runji, aliyebatizwa naye siku moja walipokuwa wasichana, aliolewa mbali kule Kiambere. Kila mavuno alimtumia Cucu pojo, na Cucu akamrudishia ndizi. Sasa Mama Runji alikuwa mgonjwa sana, na simu yake haikupatikana tena. Jamaa zake wengine hawakuwa na namba ya Cucu. Ilibaki redio tu.

"Nasikiliza nikiomba nisisikie jina lake," Cucu alimwambia Ruguru.

Wiki hiyo Mwalimu Gichovi alikuwa akiwafundisha sakiti. Aliwaeleza kwamba umeme hutoka upande mmoja wa betri, hupita kwenye waya, huwasha balbu, kisha hurudi upande wa pili wa betri. Njia ikikatika popote, balbu huzima. Aliwataka wafanye jaribio wenyewe, kila kundi lilete betri mbili. Ruguru, aliyekuwa kiongozi wa kundi lake, mdomo ulimtangulia. Akasema angezileta yeye.

Nyumbani hapakuwa na betri nyingine ila zile za redio, ambazo Cucu alikuwa ameziweka majuzi. Kuuliza si ujinga, lakini Ruguru aliogopa kukataliwa. Asubuhi, Cucu akiwa zizini, alizichomoa akazitia mkobani. Alijiambia kwamba angezirudisha kabla ya jioni, na hakuna ambaye angejua.

Jaribio lilifana. Balbu ya kundi lake iliwaka vizuri kuliko zote, na Mwalimu Gichovi akamsifu mbele ya darasa. Kisha akawaonya. Wasiunganishe kamwe waya kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili bila balbu njiani. Umeme usipokutana na cha kuuzuia, alisema, hukimbia kwa wingi, waya hupata moto na betri hufa upesi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mwalimu alipotoka, Antony, aliyeketi karibu na Ruguru, alimnong'oneza, "Wewe unaamini hiyo? Hebu tuone kama ni ukweli."

Ruguru, ambaye bado alikuwa amelewa sifa, aliondoa balbu. Alikaza waya kwenye ncha mbili za betri kwa mpira wa kufungia. Hapo kengele ya chakula cha mchana ikalia, wakakimbilia foleni ya githeri wakasahau. Waliporudi, betri zilikuwa za moto kama viazi vilivyotoka jivuni, na plastiki ya waya imelegea. Ruguru aliirudisha balbu haraka. Haikuwaka.

Jioni hiyo alizitia betri redioni kimyakimya. Cucu alipowasha, redio ilikoroma kidogo ikanyamaza.

"Hizi si ni mpya?" Cucu alishangaa. "Lazima ni unyevu wa hii mvua. Kesho nitazianika."

Wazee wengi wa huko hufanya hivyo. Betri ikichoka, huanikwa juani ipate nguvu. Asubuhi Cucu aliziweka kwenye ungo, kando ya maharagwe yake, akawa anazigeuza kila alipopita. Ruguru alimtazama na moyo ukamuuma. Alijua jua lisingezirudishia nguvu zilizomalizika, na alijua sababu. Mara kadhaa alifungua kinywa aseme, akaona haya, akakifunga. Kila siku aliahidi kusema kesho. Kila jioni redio ilikoroma na kunyamaza, na Cucu akasema pengine jua la siku hiyo halikutosha.

Jumapili, baada ya ibada, Nelius wa kwaya alimshika Cucu mikono yote miwili.

"Pole sana, Mama Mutugi. Tulishangaa hukwenda Kiambere. Walitangaza jioni baada ya jioni, na Ijumaa wakamzika. Walikuomba uende ukaanzishe ule wimbo wenu wa ubatizo. Lilikuwa ombi lake Mama Runji mwenyewe."

Cucu hakulia. Aliketi kwenye benchi la nje ya kanisa, akauliza polepole kama kweli walimtaja Mama Runji. Hapo Ruguru hakuweza tena kustahimili. Alipiga magoti akasema yote, kuanzia mkoba hadi ungo. Cucu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akainuka na kwenda nyumbani bila neno. Ruguru angefurahi kama angechapwa.

Jumamosi iliyofuata walisafiri hadi Kiambere, wamebeba mkungu wa ndizi. Runji, mwana wa marehemu, aliwapokea kwa ubaridi. Alisema walimngoja Cucu mpaka watu wakaanza kuchomwa na jua, na wengine wakanong'ona kwamba amemtupa rafiki yake.

"Mjukuu wangu ana neno," Cucu akasema.

Ruguru alisimama. Mbele ya jamaa wote alieleza kwamba Cucu hakusikia tangazo kwa sababu yeye aliziharibu betri, na kwamba alinyamaza akimwona akizianika. Runji alimletea Cucu kiti kwa mikono yake.

"Nisamehe, mama," alisema. "Tulikudhania vibaya. Marehemu alikuulizia mpaka usemi ulipomtoka."

Cucu alipelekwa kaburini, akauimba ule wimbo peke yake kwa sauti iliyokatikakatika. Alipomaliza, alimwita Ruguru kando.

"Betri si kitu," alimwambia. "Ungeniambia jioni ileile, ningepata nyingine dukani na ningekuwa hapa Ijumaa. Kilichoniumiza ni vile ulinitazama nikizigeuza juani na wewe unajua. Kosa likisemwa mapema lina dawa, mwanangu. Likifichwa, linaendelea kuharibu, na linamwumiza mtu ambaye hata hukumfikiria. Leo umesema ukweli, na umelisafisha jina langu. Nimekusamehe."

"Na Mama Runji, Cucu?"

"Huyo hatuwezi kumwambia."

Ruguru alijua kwamba amesamehewa kweli, maana Cucu alimshika mkono hadi walipofika barabarani. Hata hivyo, alilia njia nzima.