Siku Nilizomwongezea Zaina

Nina miaka ishirini na mbili. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nimevaa sare ya askari magereza kwa mwaka mmoja na nusu, na nimekaa na mume kwa siku tatu. Sasa sare sina, mume sina, niko kwa baba yangu kijijini Kwamndolwa napalilia mahindi.

Msianze kunionea huruma... Someni kwanza!

Nilipomaliza shule nilitaka kazi yenye heshima, haraka. Wenzangu walikwenda ualimu. Mimi nikaenda magereza, nikafunzwa kupiga kwata na kusalimu wakubwa, nikaletwa gereza moja dogo mkoani kwetu Tanga, upande wa wanawake. Wafungwa hawakuzidi kumi. Walilima bustani, walisuka vikapu na walidarizi vitambaa. Jioni, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kuliko wote pale, nilipewa kuwafundisha kisomo cha watu wazima. Ba, be, bi, bo, bu... Niliipenda sana kazi ile. Nilijiona najenga taifa!

Wakati huo ndipo nilipompata Athumani.

Alikuwa katibu wa kata moja huko Handeni, jina la kata naliacha. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, suti yake ya Chou En-lai haina kunyanzi, na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa akija Korogwe kwenye mikutano, akipata lifti ya Landrova, na kila akija alipita kunisalimu. Alizungumza juu ya vijiji vya ujamaa mpaka mtu unasahau njaa. Baba yangu alimwuliza swali moja tu: una mke? Akasema alikuwa naye, wakaachana mwaka juzi, hana hata mtoto. Baba akasema vizuri, maana simwozi mwanangu kwenye ukewenza. Na mimi nikasema hivyohivyo, tena kwa sauti! Siwi mke wa pili wa mtu yeyote!

Posa ikaletwa. Mahari ikapokelewa.

Sasa nirudi gerezani, maana mambo yote yalitokea huko.

Ule ulikuwa mwaka wa kilimo cha kufa na kupona. Kila mtu ekari yake ya muhogo, na asiyekuwa nayo mahakamani. Wanawake kadhaa waliletwa kwetu kwa kosa hilo. Mmoja wao aliitwa Zaina. Alikuwa mrefu, mweusi, mkimya, amefungwa miezi sita kwa uzembe wa kutolima, na ana mimba ya miezi minne. Alitoka kata ya Athumani. Sikushangaa. Athumani alikuwa akijisifu kwamba kata yake haina mchezo.

Mimba ile ilikuwa ya kwanza. Kwao mimba ya kwanza mtu hurudi kuzalia kwa mama yake, na Zaina hakuwa na wimbo mwingine. Alijua kwamba mfungwa asiye na makosa husamehewa theluthi ya kifungo. Miezi sita ikiwa minne, angetoka kabla hajajifungua, apande basi, azalie kwa mama. Kila asubuhi alifunga fundo kwenye uzi. Fundo moja, siku moja.

"Afande, nisaidie kuhesabu," aliniambia siku moja. "Nisije nikajidanganya."

Tukahesabu pamoja. Nikamsifu kwa kuwa msafi na mtiifu. Kwenye kisomo alikuwa wa kwanza. Alikuja hajui hata kushika penseli, na baada ya miezi mitatu anasoma maneno ya ubaoni kwa kuyakatakata, huku jasho linamtoka.

Tangazo la ndoa yangu likabandikwa. Sheria mpya ilitaka siku ishirini na moja, mwenye pingamizi ajitokeze. Nani angejitokeza?

Sasa nasema kosa langu la kwanza. Sisi askari wa kike tulikuwa na tabia ya kuwapa wafungwa kazi zetu wenyewe. Haikuruhusiwa, lakini kila mmoja alifanya. Huyu anasukwa nywele, yule anadariziwa kitambaa cha meza. Mimi nikaleta foronya mbili nyeupe za kitanda cha harusi. Nilitaka maua pembeni na majina katikati. Nilipomwuliza Athumani jina lake liandikweje, alinisahihisha. Siyo Athumani tu. "Katibu Athumani." Jamani! Hata kwenye mto alitaka awe katibu!

Zaina ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Nikampa foronya, nyuzi na karatasi yenye majina. Ilikuwa mchana, wanawake wamekaa kivulini wanasuka. Mama mmoja aliyefungwa kwa kupika gongo, ambaye wote tulimwita Mama Gongo, akaanza utani wake.

"Afande bibi harusi! Huyo bwana naye anajua kitanda, au anajua mikutano tu?"

Tukacheka wote. Zaina hakucheka. Alikuwa anasoma.

"Ka... ti... bu," akasema. "A... thu... ma... ni."

Akairudia mara ya pili bila kuikata. Halafu akaweka karatasi chini, taratibu, kama kitu cha moto.

"Afande, huyu ni mume wangu."

Mama Gongo akaacha kusuka.

Nikamwambia akina Athumani wako wengi. Akajibu kwamba akina Athumani wengi, lakini Katibu Athumani ni mmoja, na hii mimba ni yake, na yeye hajaachwa, si kwa mdomo wala kwa karatasi.

Mnajua nilifanya nini mimi, msomi? Nilimwambia, "Shona!"

"Sishoni."

"Hiyo ni amri, Zaina!"

"Nifunge basi, afande. Lakini nimeshafungwa..."

Nikachukua foronya nikampa Mama Gongo. Akaniangalia, akasema vidole vyake vimeingia ganzi. Nikampa mwingine. Naye vidole vinauma. Wanawake wote wa gereza lile siku hiyo vidole viliwauma! Nikaondoka na foronya zangu kwa hasira. Hasira ya nini? Nilijua! Ndani ya moyo wangu nilikwishajua, na ndiyo maana nilikasirika.

Jumamosi Athumani akaja. Nikamweleza. Akacheka. Akasema ndiyo, huyo ndiye yule mwanamke aliyemwacha, hana haya, mimba aliipata huko anakokujua mwenyewe. Hakunitajia kwa sababu ni mambo ya aibu. Halafu akanichoma pale alipojua panauma.

"Hadija, wewe wa kidato cha nne unamsikiliza mfungwa?"



Akauliza anatoka lini. Nikamwambia zimebaki siku tisa. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Akasema mtu yule akitoka kabla ya harusi atakuja kupiga kelele mbele ya wazee, atamwaibisha baba yangu. Kwani si amekataa amri? Si ni kosa? "Andika ripoti," akasema. "Wewe ndiye askari."

Nikaandika.

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, kwamba mfungwa Zaina alikataa amri ya kazi na akamtolea askari maneno machafu. Sikuandika ni kazi gani. Maneno machafu nilitunga mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa ofisini kwa Bwana Jela, mkuu wa gereza, mzee mmoja mpole aliyetuamini mno. Zaina akasimamishwa, tumbo liko mbele. Akaulizwa ana la kujibu. Angetaja foronya, kazi yangu ingekwisha pale pale! Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, mpaka Bwana Jela akarudia swali.

"Sina, mzee," akasema.

Akafutiwa siku zote za msamaha. Miezi miwili mizima! Na mimi nikashukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru!

Jioni ile kwenye kisomo hakuja. Wengine walikuja, wakakaa, hakuna aliyefungua mdomo. Nikaandika ubaoni, nikasoma peke yangu, nikafuta.

Tukaoana. Watu walikula pilau Kwamndolwa, ngoma ikapigwa, baba akafurahi mpaka akacheza. Nikapewa likizo ya siku saba, nikaenda na mume wangu kwake Handeni. Nyumba ya bati, imefagiliwa, vyombo vyote vimo. Niliona khanga mbili kwenye sanduku, nikajiambia ni za dada yake. Mtu akitaka kudanganyika hakosi jibu!

Kila asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha, mtamu, wa unga. Asubuhi ya tatu Athumani alikwenda mkutanoni na mimi nikaenda kuchimba mwingine nyuma ya nyumba. Jirani, bibi mmoja mtu mzima, alikuwa upande wa pili wa shamba lake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia. Nikamsifia shamba letu, maana lilikuwa zuri kweli, ekari nzima na zaidi, limepaliliwa, mashina yamesimama kwa mistari.

"Kapanda Zaina hilo," akasema yule bibi. "Mpaka siku wanamchukua alikuwa humo na jembe."

Nikamwuliza wanamchukua nani, wapi. Akanishangaa.

"Mwanangu, wewe si ndiye askari wa huko? Kafungwa kwa kukosa muhogo! Na muhogo wenyewe ndio huo umeushika."

Nilikuwa nao mkononi. Udongo bado uko juu yake.

Bibi akanieleza yote. Kwamba katibu aliyeandika majina ya wazembe ni mume mwenyewe. Kwamba mashahidi waliogopa. Kwamba Zaina alikuwa amekataa kuletewa mke mwenza, akasema atakwenda kuweka pingamizi bomani, na wiki iliyofuata mgambo wakaja. Watu wa kijiji wote walijua. Wote! Wakala pilau ya harusi yangu na wanajua!

Sikungoja. Nilivua kitenge cha bibi harusi, nikavaa gauni langu la zamani, nikaenda mkutanoni. Nilimwita nje mbele ya watu, nikamwambia namjua sasa, anipe talaka yangu na aende akamtoe mkewe. Athumani hata hakukasirika. Alifunga kalamu yake, akasema kwa sauti ili wasikie:

"Kama una malalamiko, mke wangu, yapeleke kwa Katibu."

Wakacheka! Wanaume wazima, viongozi, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nasikia kicheko kile mpaka leo ninapoandika.

Nikapanda basi la mchana mpaka Korogwe, nikaunga safari mpaka gerezani, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Jela. Nikamwambia foronya, nikamwambia ripoti, nikamwambia matusi niliyoyatunga. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba afute, amrudishie Zaina siku zake.

"Zilizobaki nitaziombea mkoani," akasema. "Alizokwisha lala humo ndani nitazirudishaje, Hadija?"

Kisha akaniambia Zaina hayupo. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, wamempeleka hospitali.

Nilikimbia. Nikamkuta amekwisha jifungua, mtoto wa kike. Mwenzangu wa zamu amekaa kwenye kigoda mlangoni na sare yake, anamlinda. Anamlinda asitoroke, mtu aliyetoka kuzaa! Mama yake hayupo, shangazi hayupo, hakuna hata wa kumpikia uji. Bila ripoti yangu angekuwa kwao zaidi ya wiki sasa, na nguo za mtoto zimekwisha fuliwa. Sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama dirishani. Aliniona, akageukia ukutani.

Nilifukuzwa kazi, na nilistahili. Barua ya mkoani ilichelewa, ikafika Zaina amebakiza siku kumi na moja tu. Siku aliyotoka nilikwenda kumngoja nje, bila sare. Mama yake alikuwa amekuja kumchukua, kamfunga mjukuu mgongoni. Nikapiga magoti mbele yao barabarani. Nikamwuliza kitu kilichokuwa kinaniua: kwa nini siku ile ofisini hukusema? Ungesema foronya tu, ungepona!

"Nilikuwa nakungoja wewe useme," akanijibu.

Akachukua mzigo wake wakaenda stendi. Hakunisamehe, na sikumwomba tena.

Athumani je? Yupo! Amehamishiwa kata kubwa zaidi na bado anahutubia. Talaka yangu hajaitoa. Nimepeleka madai mahakamani, naambiwa njoo kesho, njoo kesho. Nitakwenda kila kesho mpaka wachoke! Na Zaina nimesikia amefungua kesi yake mwenyewe, na barua ya madai kaiandika kwa mkono wake. Nimekwisha sema niko tayari kuwa shahidi wake, hata kama hataki kuniona.

Wasichana wenzangu, msiniambie mapenzi yalinipofusha. Mapenzi hayashiki kalamu. Kalamu niliishika mimi, na niliyoyaandika niliyajua kuwa ni uongo wakati wino haujakauka.

Nanyi mliopewa vyeo vidogo, funguo, mihuri, madaftari ya majina... mtu mkubwa akikwambia mwandike fulani, mwulize fulani kwanza! Ukiambiwa mke ameachwa, kamtafute mke akwambie mwenyewe, hata kama yuko mbali, hata kama nauli huna.

Mimi sikuhitaji nauli. Zaina alikuwa nyuma ya mlango, na ufunguo nilikuwa nao mimi.