Maji Yaliyokuwemo

Penseli ilikuwa imechongwa kwa meno. Injinia aliikuta asubuhi ya Jumanne juu ya kitabu cha kalkulasi, ncha yake kali, na pale ambapo kichongeo kingeacha mti laini palikuwa na alama za kutafuna, ndogondogo, zimepangana vizuri, nyingi mno kwa mdomo mmoja. Akanung'unika kwamba kaka yake, mtu mzima na ndevu zake, hana adabu na vitu vya watu. Akaifuta kwenye sketi, akakaa kusoma. Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza alishalifanya jana yake, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mjue kwanza huyu Injinia ni nani. Jina hilo alibandikwa na kaka yake siku alipopata nafasi chuoni, kabla hata hajaijua njia ya darasani. Kaka mtu alikuwa seremala, karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na mteja aliyekuja kuulizia kitanda hakupewa habari za kitanda mpaka asikie kwanza habari za Injinia. Wazazi wao walipofariki, binti akiwa na miaka sita, ni kaka huyo aliyemlea. Alimsuka nywele, vibaya sana, na akamsainia kila fomu ya shule. Alipooa, alimwambia mkewe siku ya kwanza kwamba huyu si mdogo wangu, ni mwanangu. Wifi akakubali, maana alimpenda mumewe hivyohivyo na mzigo wake.

Sasa hizo hesabu za kalkulasi zikamgomea binti. Alishaanguka mara mbili, na chuo hicho hakina huruma ya mara ya tatu: Jumatatu ijayo akabidhi maswali sita, akiharibu afungashe virago. Maswali yalihusu tangi la maji. Unaambiwa bomba linaingiza maji kwa kasi gani, nawe utafute tangi lina maji kiasi gani. Mwisho wa jibu lazima uandike herufi C, nayo inasimama badala ya maji yaliyokuwemo tangini kabla bomba halijafunguliwa. Kwenye kasi huyaoni, ila yamo. Injinia alikuwa akiyasahau kila mara, na kila mara mhadhiri alimwandikia kwa wino mwekundu maneno yaleyale: "Na yaliyokuwemo?"

Alitafuta msaada, asisingiziwe uvivu. Mwenzake mmoja alimwambia ana shughuli, mwingine akamweleza mbiombio mpaka akazidi kupotea. Ikabaki ile desturi ya kitabu cha maktaba. Wanafunzi wa chuo hicho wakikwama huandika shida yao pembeni mwa ukurasa, na atakayekiazima baadaye hujibu kwa penseli. Sharti ni moja: ukisaidiwa, nawe umwachie mwingine jibu la swali unalolijua. Injinia hakujua hata moja. Kwa hiyo akaandika, kwa utani wa mtu aliyechoka: "Nisaidie. Sina jibu la kukuachia. Chukua chochote." Kitabu hakikutoka chumbani mwake siku hiyo.

Jumanne hiyo, chini ya maneno yake palikuwa na jibu la swali la kwanza, hatua kwa hatua, safi kabisa. Alifurahi, jamani, mtu anayezama hakagui kamba. Alikuwa akinakili mstari wa mwisho aliposikia kaka yake akipiga ukelele karakanani. Akamkuta amesimama na kikombe cha chai mkononi, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekunjikia nyuma mpaka ukucha umegusa mgongo wa kiganja. Hakuwa ameshika nyundo wala msumeno. Harufu ya gundi na vumbi la mbao ilikuwa imefunikwa na harufu ya nywele zinazoungua.

Jumatano lilikuja jibu la pili, kikavunjika kidole cha pili. Na hapa nisimfiche, maana mimi sipendi hadithi za kuwapaka watu mafuta: Alhamisi Injinia alishajua. Aliliona jibu la tatu, akamsikia kaka yake akicheka na mteja chumba cha pili, akajua kitakachofuata, na bado akanakili. Alijiambia labda ni bahati mbaya tu. Kaka alipolia, alilia naye huku penseli iko mkononi.

Ijumaa aibu ikamshinda, akakifunga kitabu kwa kamba na kukitupa chini ya kitanda. Wakiwa mezani mchana, wote watatu, wakasikia kamba ikitafunwa kule chumbani, taratibu, kisha kurasa zikifunguliwa, kisha penseli ikikwaruza karatasi bila kupumzika, na ilipofika mwisho wa mstari kidole cha nne kikainuka chenyewe mbele ya macho yao, kikarudi nyuma polepole, kikakatika. Damu iliruka mpaka kwenye kitambaa cha kichwa cha wifi. Jumamosi kikaenda cha tano, gumba lenyewe, nalo liling'olewa kabisa, na hawakuliona lilikokwenda.

Ndipo Injinia akasema yote. Alitarajia kipigo. Kaka yake alimsikiliza, mkono umefungwa shuka lililolowa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Maswali yako mangapi?"

"Sita."

"Basi limebaki moja tu," akasema, akajaribu kutabasamu. Wifi alitoka nje, akarudi na mganga asubuhi ya Jumapili.

Mganga mwenyewe alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye miwani ya kusomea na ulimi mkali. Alisoma yale maneno ya pembeni mwa ukurasa, akamuuliza Injinia nani alimfundisha kumwandikia asiyemjua "chukua chochote". Kisha akaeleza. Kinachoandika ni jini, liliingia kwa kuhitajiwa, na haliwezi kukaa pasipohitajiwa. Swali la sita Injinia alifanye mwenyewe, mbele ya jini hilo, bila kusaidiwa na yeyote. Akilipatia lote, jini limekosa mlango. "Na likikuongelesha, usijibu," akasema. "Likimgusa kaka yako, usiinue kichwa. Ukiliacha swali katikati umelikabidhi jini kaka yako."

Wakafunga karakana saa sita mchana. Injinia alikaa kwenye kigoda, kitabu juu ya meza ya kazi, kaka yake akakaa upande wa pili amuone. Mganga akaanza kusoma dua zake kwa sauti ya chini. Injinia akaandika mstari wa kwanza, na harufu ya nywele ikaingia.

Randa ikajitembeza mezani peke yake, ikitoa maganda membamba ya mbao, na ilipofika kwenye mkono mzima wa kaka haikusimama, ikatoa maganda mengine yaliyokuwa mekundu. Hakupiga kelele, alimwambia tu mdogo wake aandike. Injinia akaandika, machozi yakidondokea namba, na alipofika mstari wa tatu kitu kikamshika kisogo na kumbamiza uso mezani, mara moja, mara mbili, mpaka jino likatoka na kubingirika juu ya karatasi, naye akalisogeza kwa kiwiko na kuendelea, kwa sababu sasa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa akiyaona maji yale kichwani, yakiingia kwa kasi, yakipanda ukutani mwa tangi, na alielewa kwa nini namba hii inagawanywa na ile, huku nyuma yake wifi akirushwa dhidi ya mbao zilizoegeshwa na zote zikimwangukia, na mganga akisoma bila kupumua, damu ikimtiririka masikioni, na jiliwa, ile koleo ya chuma ya kubania mbao pembeni mwa meza, ikiwa imefunguka na kuvuta kichwa cha kaka yake ndani yake na mpini wake ukizunguka, robo, nusu, robo nyingine, na sauti laini sana sikioni mwake ikimwambia, niombe tu, mwanangu, niombe nikumalizie.

Hakujibu. Aliandika mstari wa mwisho, akapiga chini yake mistari miwili.

Kimya. Mpini ukasimama. Harufu ya gundi ikarudi. Mganga akavua miwani, akaifuta, akasema kwa uchovu kwamba limetulia. Wifi alitambaa kutoka chini ya mbao, akaanza kulegeza jiliwa. Na kaka, kichwa bado kimebanwa, jicho moja limejaa damu, akamtazama mdogo wake akacheka kidogo. "Injinia wangu," akasema. "Nilijua."

Injinia akacheka naye, mdomo umejaa damu, akainamia karatasi ili amwonyeshe. Akaona penseli imesimama wima pembeni mwa ukurasa, haijashikwa na mtu. Iliandika polepole kwa rangi ya damu: "Na yaliyokuwemo?"

Aliirukia penseli aandike ile herufi C aliyoisahau tena. Mpini ulizunguka mara moja tu, kwa nguvu zote, na mkono wa wifi ulikuwa bado uko juu yake.

Jumatatu, kaka yake hata hajazikwa, alikabidhi kazi, maana hakujua la kufanya isipokuwa kutembea kwenda chuoni. Maswali yote sita yalirudi na alama kamili. Mwisho wa jibu la sita palikuwa na C, ndogo, safi, si mwandiko wake.

Wifi hakumfukuza. Hakusema naye siku arobaini, kisha asubuhi moja akaingia chumbani kwake, mkono umefungwa bandeji, akasimama mlangoni.

"Ile herufi," akauliza. "Ilikuwa moja tu?"

"Moja tu, wifi."

Wifi akatikisa kichwa, akatoka, akafunga mlango taratibu. Mezani, penseli mpya aliyoileta Injinia jana yake ikiwa butu, ilikuwa na ncha iliyochongwa kwa meno.