Kipande cha Mzee Ignatio

Maini hayakuwa na ladha. Scolastika alitafuna, akameza, akamrudishia mumewe sahani.

"Chumvi haitoshi?" Kiliani aliuliza.

"Sijui. Ni kama anayekula ni mtu mwingine, si mimi."

Kiliani alicheka bila kumtazama. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia waziwazi: mimba imekomaa na damu ni kidogo, mama ale nyama nyekundu, hasa maini, apate madini ya chuma, la sivyo atatufia kwenye uzazi. Ndipo Kiliani akachinja mbuzi nyuma ya mibuni na kulificha ini. Kwa Wamatengo wa ukoo wake, ini hutangulia kufika sengu, pale wanaume wanapokula pamoja. Lilikuwa haki ya baba yake, Mzee Ignatio. Na hata baada ya mzee kuzikwa, kipande chake kiliendelea kuwekwa juu ya kigoda chake.

Tangu siku hiyo nyumba ilinuka kama jembe lililolala mvuani. Kila Scolastika alipokula alisikia nyuma yake mtu asiye na meno akitafuna polepole, kwa subira, na kadiri sauti ile ilivyosogea, ndivyo viganja vyake vilivyozidi kuwa vyeupe, kisha midomo, kisha ulimi, hadi akakosa hata nguvu za kuogopa.

"Baba yako ananimalizia chakula," alinong'ona.

Kiliani akamwendea Bernadi, mdogo wa marehemu baba yake.

"Shikamoo, baba mdogo. Ini la mbuzi nilimpa Scolastika, halikufika sengu."

"Marahaba. Umemnyima kaka yangu ini, wewe? Alipokuwa hai tu, ukilichelewesha, alisusa ugali!"

"Nilitaka mke wangu apone."

"Ungemwomba."

Wakachinja mbuzi mwingine. Mchana kweupe, Bernadi aliweka ini bichi juu ya kigoda. "Kaka Ignatio, kula chako. Umwachie Scolastika." Mbele ya macho yao ini likapauka taratibu, likawa jeupe kama muhogo uliomenywa.

Jioni Scolastika alionja chumvi. Viganja vilirudiwa na rangi, na muuguzi alipompima tena akamsifu: "Umekula vizuri, mama."

Alijifungua salama, mtoto wa kiume. Walipomlaza kifuani pake, Scolastika alikumbuka, bila kinyongo chochote, kwamba pale kwenye kigoda Bernadi alilitaja jina lake yeye tu, hakumtaja aliyekuwa tumboni.

Mtoto alilipata titi. Hakunyonya. Alitafuna polepole, kwa subira, na chumba kikanuka jembe lililolala mvuani.