Swichi za Marehemu

Simwonei huruma. Rafiki yangu ni fundi wa mashine za gemu, na ni mjuaji kupindukia. Mama mmoja alimletea joistiki, kile kijiti cha kuchezea gemu, ya marehemu mwanawe.

"Ipake rangi tu, baba. Ndani usiguse. Mwenyewe alikuwa mkali."

"Marehemu atanifanya nini?" jamaa akamjibu.

Mama alipotoka tu, akaifungua, akang'oa swichi zote nne zinazolia ta kila kijiti kinaposukumwa, ili aweke zenye kasi zaidi, akazitia mfukoni mwa suruali. Umeme ukakatika. Karakana yake haina dirisha. Gizani akasikia ta, ta, ta, kama mtu anayecheza kwa hasira. Akaipapasa joistiki mezani, akaikuta imetulia. Mlio ukaendelea. Ndipo alipohisi swichi zikibonyezwa, moja moja, juu ya paja lake.